Sheria ya Utulivu

Tangu sheria ya utulivu ianze, mtu akisikika amepaza sauti kwa hasira au kwa kilio, nyumba yake hukatiwa maji papo hapo. Kwa hiyo tingatinga la wakubwa wa mji lilipobomoa nyumba za wajane, mtaa mzima ulinong'ona tu.

Katekista Perpetua alivumilia mpaka Bi Zuhura, mwalimu wa madrasa, alipomjia.

"Dada, Mungu si kiziwi, ila wakubwa hawa ni viziwi. Twende tukaombe kwa sauti."

Walisimama juu ya vifusi, wakapaza sauti kudai haki ya wajane mpaka makoo yakawakauka.

Perpetua aliporudi, bomba lilikuwa kavu. Binti yake wa miaka sita alikuwa akitokwa machozi kimyakimya, kama alivyofundishwa tangu akiwa mchanga.

"Lia kwa sauti, mwanangu!" alimwambia, hasira ikimchemka upya.

Mtoto alifumbua kinywa. Hakujua sauti hutolewaje.