Mama Yuko kwa Elie

Kikombe cha uji kilimpiga Rakeli kifuani, uji ukamtiririka mpaka viatuni. Bibi kizee aliyekirusha alijifunika uso, akaanza kulia akimwita mwanawe.

Rakeli alipiga magoti, akapangusa sakafu. Hakukasirika, nguvu za kukasirika zilikuwa zimemwisha. Wenzake walikuwa wakiacha kazi mmoja mmoja, na wazee wa korido nzima ya nyumba ile ya kutunzia wazee wakabaki mikononi mwake: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza vitandani.

Angalau mama yake mwenyewe alikuwa salama. Masika ile ya 2015, mdogo wake Elie alikuja Louisville kuwatembelea, akamkuta Rakeli amesinzia mbele ya jiko, ugali umeungua, mama anakohoa moshi.

"Dada, utakufa na hii kazi," Elie alisema. "Bon, acha nimupeleke mama kwangu Reynoldsburg, pembeni ya Columbus. Muke wangu Chimène anashinda nyumbani, atamuangalia. Weye pumuzika."

Rakeli alilia kwa shukrani. Tangu hapo alipiga simu kila Jumapili. Mama amelala, Elie alimwambia. Mama ametoka na Chimène. Mama anakula muzuri, dada, ananenepa.

Simu ilitetemeka mfukoni. Namba ilikuwa ya Columbus, lakini si ya Elie.

"Dada Rakeli? Miye naitwa Uwera. Namba yako nimeipata kwa watu wa kanisa. Niko na mama yako hapa."

"Ako mugonjwa?"

"Hapana. Lakini anakataa kula. Anageukia tu ukuta." Sauti ilikuwa nzito kwa uchovu ambao Rakeli aliujua vizuri.

"Weye ni rafiki ya Chimène?"

"Chimène? Simujue."

Kengele ikalia nyuma ya sauti ile, mara ya kwanza, mara ya pili. Mtu alipiga kelele kwa Kiingereza kuomba apelekwe chooni.

"Unisamehe, dada, nafanya haraka. Leo tuko wachache, na wazee ni wengi."

Rakeli aliegemea ukuta.

"Mupe mama simu."

Alisikia minong'ono, kisha kitanda kikilia. Uwera aliporudi, alisema polepole, kama mwenye aibu.

"Anakataa kuongea na weye. Anasema Elie alimuelezea yote: hii nyumba, ni weye ulimuchagulia."