Mbolea ya Lanet

Memsahib aliipiga kabichi kofi mara tatu, akaigeuza, akainusa, kisha akairudisha mkokotenini.

"Senti kumi," akasema. "Thelathini ni wizi."

Jerop, mwenye kabichi, alikuwa ametoka Lanet, nje ya mji wa Nakuru, asubuhi na mapema na punda wake. Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba mvua imekataa na maji anayabeba kutoka mbali. Chini ya senti thelathini angekuwa anawalimia watu bure. Afadhali aliache shamba, akachume pareto ya mzungu kwa mshahara.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Memsahib huyu, ambaye wapishi wote wa Milimani, mtaa wa wazungu, walimwita Senti Kumi, alikuwa kwenye kamati ya mabibi wa Nakuru waliolalamikia bei ya vyakula. Aliandika barua kwa magazeti. Kwa maoni yake kabichi hujiotea yenyewe, na mkulima kazi yake ni kukaa kivulini na kupandisha bei.

"Wewe hapana leta tena," akamwambia Jerop. "Mimi nalima yangu."

Akamgeukia Micah, mtunza bustani wake. Waridi zing'olewe, kabichi zipandwe. Kama kufikia Juni hakuna kabichi, Micah angefunga sanduku lake arudi kwao Keringet. Micah alimtazama Jerop, na Jerop akamtazama Micah. Kisha punda akageuzwa.

Mwaka ule ukame ulikuwa mkali. Upepo ulileta vumbi la magadi kutoka ziwani, likaunguza hata nyasi. Miche ilipoanza kusinyaa, Micah alikuja barazani akiwa ameshika kofia. Udongo huu, alisema, unataka mbolea ya ng'ombe, tena ya Lanet: gunia moja kila wiki, shilingi tatu. Memsahib alinung'unika lakini akatoa. Kamati yake haikuwa na neno juu ya bei ya mbolea.

Basi kila Ijumaa jioni Micah alirudi kwa baiskeli na gunia zito, linalonuka hata memsahib akafunga madirisha.

Na Juni ilipofika, kila Jumamosi kulikuwa na kabichi. Kabichi kubwa, ngumu, safu nzima. Memsahib alivaa glavu akazikata mwenyewe, Micah akiwa amechuchumaa akizishikilia kwa mikono miwili. Micah alikuwa amemfundisha kwamba kabichi haing'olewi, hukatwa. Kung'oa kunachosha udongo. Memsahib alifurahi kama mtoto, na furaha hiyo tusimnyime.

Kwenye mkutano wa kamati aliweka kabichi moja juu ya meza, akatangaza kwamba haikumgharimu kitu, ila mbolea kidogo. Mabibi walipiga makofi. Kufikia Agosti wanne kati yao walikuwa wameng'oa waridi zao pia, na kila mmoja amemtuma mtunza bustani wake kwa Micah akaulize mbolea hiyo inatoka wapi.

Mkokoteni wa Jerop haukuonekana tena Milimani. Siku moja memsahib alimkumbuka.

"Yule mama ya thelathini iko wapi?"

"Hapiti huku tena, memsahib," Micah akajibu, akiangalia viatu vyake.

Memsahib alitikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya; alimwonea huruma kidogo, akasema huenda sasa anachuma pareto. Lakini si alimwonya? Bei ikizidi, watu hujilimia.

Ijumaa hiyo baiskeli tano zilikuwa zimeegemezwa kwenye ua wa Jerop kule Lanet. Jerop alitia kabichi kumi katika kila gunia na kulifunga mdomo. Kisha akachota kinyesi kibichi cha ng'ombe, akayapaka magunia kwa nje polepole, kama anayekandika nyumba.

"Mzifukie mpaka shingoni," akawaambia Micah na wenzake wanne. "Wiki jana moja ilibingirika kabla memsahib hajafika na kisu. Na muwaambie mbolea sasa ni shilingi nne. Mvua imekataa."