Kiboko Anayegawa Mkate

Kabla ya alfajiri mfuniko wa sufuria uligongagonga. Nilikuwa nikimchemshia Mwanakheri chai. Siku hizi mtoto huletwa kwa mzee anayeishi peke yake mpaka aelewe somo moja, kisha hupelekwa kwa mwingine. Mimi hufundisha nusu na robo, kwa kitabu cha picha cha kiboko anayegawa mkate kwa kuukalia.

“Bibi, ameukalia mara mbili, zimetoka robo nne!” alicheka, chai ikimmwagikia.

Bangili yake ya kupimia somo ikawaka kijani: ameelewa. Gari la kumchukua likapiga honi nje.

Aliponiona nimelipa gari mgongo, alisogeza mdomo kwenye bangili. “Nusu na nusu ni tatu! Ni kumi!”

Ilibaki kijani.

Nilimfunga viatu polepole.

“Njoo tena, mama,” nikamwambia, “hata kama unajua.”