Mkalimani wa Mjomba

Kidole cha pili kilipopasuka, mgeni alitapika, kisha akaanza kuongea.

"Anasema nini?" Nyundo aliuliza. Mkono wake ulikuwa bado umeshika jiliwa, kile chuma cha seremala cha kubania mbao.

"Anaomba maji," Msomi alisema. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto.

Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea Kihispania: lugha, fasihi na utamaduni, vyote kwa mpigo. Nyumbani walimcheka mpaka wakachoka. Shangazi zake walimuuliza ataongea na nani, na ukuta? Ni mjomba peke yake aliyesimama kidete akampeleka. Na leo mchana mjomba huyohuyo, dereva wa malori ya Mzee, alikwenda kumtoa chuoni akiwa katikati ya insha juu ya tamthilia moja ambamo watu wanachomana visu kwa ajili ya heshima. Insha za namna hiyo ndizo zilizokuwa zikimpa alama za juu. Kwamba damu ina harufu, hilo hakuwahi kulisoma popote.

"Mzee kasema hakuna anayemwelewa huyu mtu," mjomba alimwambia garini. "Nikajitolea, nikasema ninaye mpwa wangu. Sasa wewe, mama, lolote atakalosema, kumbuka nani alikupeleka shule."

Wiki iliyopita lori la Mzee lilivamiwa njiani na vijana wake wawili wakauawa kwa risasi. Bahati ya mjomba, siku hiyo tumbo lilimkamata na lori likaendeshwa na mwingine. Kati ya wavamizi alikamatwa mmoja tu, huyu mgeni. Mzee alitaka jambo moja: nani aliyewaambia njia?

Alikuwa ameketi kwenye benchi la fundi, kikombe cha chai mkononi, mpole kama mzee wa kanisa.

"Samahani kwa usumbufu, binti," alisema. "Bado mnasomea kule ghorofani, nyuma ya maktaba?"

"Ndiyo, Mzee." Mjomba naye kwa maneno! Kumbe alishamweleza kila kitu.

Mgeni alinyanyua kichwa. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa kwa uvimbe. Akasema kwamba mama yake huyo mzee mnene alizaa nguruwe.

Kijiko cha Mzee kikasimama ndani ya kikombe.

"Anasema..." Msomi akamgeukia Mzee. "Anaomba umhurumie."

Mzee akaendelea kukoroga chai yake.

Nyundo akazungusha mkono wa jiliwa. Kidole cha tatu kilialika, na mgeni akapiga yowe lililoishia kwenye kikohozi cha damu. Hapo ubishi ukamwisha. Alizungumza taratibu, kwa sentensi fupi, na Msomi alielewa kila neno: aliyewaambia njia ni dereva wa huyo mzee. Jina hakulijua. Mtu mzima, ana kovu shingoni.

Msomi akageuka. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, ameinua ukosi wa shati mpaka kwenye masikio. Alimtazama kwa macho yaleyale ya siku alipombebea sanduku lake hadi bwenini, akajigamba kwa kila waliyekutana naye kwamba huyu ni damu yake.

"Haya, kasemaje?" Nyundo aliuliza. Ndiye aliyemfutia kiti vumbi alipoingia, akamwambia, "Kaa dada, usiogope."

Msomi alimnyooshea kidole.

"Anasema ni huyu. Nyundo."

Nyundo alicheka kwanza. Alikuwa bado anacheka wenzake wawili, waliokuwa wamemshikilia mgeni, walipomrukia. Wa kwanza alimtandika rungu la magoti, wa pili akamshindilia teke la uso, na taya likaenda upande.

"Dada, muulize tena!" alilia, damu ikimchuruzika kifuani. "Dada, nina watoto! Muulize tena!"

Msomi alitazama sakafu iliyojaa takataka za randa. Alijichukia, lakini kinywa hakukifungua. Rungu lilishuka tena, mara tatu, mara nne, mpaka sauti ya Nyundo ikawa mkoromo tu. Pale mlangoni mjomba alishusha pumzi ndefu.

"Inatosha," Mzee alisema.

Akaweka kikombe chini, akajikung'uta suruali, akatembea polepole mpaka mlangoni. Akaufunga kwa komeo. Kisha akamwekea mjomba mkono begani, akaulaza chini ule ukosi wa shati kwa kidole kimoja.

"Rudia, binti," akasema kwa Kihispania fasaha, kwa lafudhi ileile inayofundishwa ghorofani, nyuma ya maktaba. "Safari hii, kama alivyosema."