Ukuta wa Pili

Mkono ulitokeza katika udongo, na vidole vyake vilikuwa vikicheza.

Kapita Sylvestre, msimamizi wa kazi, alitanua mikono ukingoni mwa handaki la msingi, akawazuia wachimbaji watano waliotaka kuruka ndani. Ukuta mmoja ulikuwa umeporomoka na kumfunika mdogo wake. Ukuta wa pili, uliosimama mkabala, ulikuwa na ufa wenye upana wa kiganja.

"Hakuna mtu kushuka mpaka mbao zifike!"

"Mbao?" alifoka mmoja wao, aliyezoea mashimo ya dhahabu ya Salamabila. "Si ni wewe ulizitoa asubuhi? Kule kwetu tunaingia na mikono, kapita! Mutu iko mzima!"

Ni kweli alizitoa. Kanuni ya kazi aliihifadhi vyema: handaki linalompita mtu kifua halichimbwi bila mbao za kuzuia kuta. Lakini wageni wa kuweka jiwe la kwanza la kituo cha afya walikuwa njiani, na jukwaa lao lilipungukiwa mbao. Akajiambia kuwa ni kwa saa moja tu.

Sasa watu walikuwa wakizing'oa kule jukwaani, na misumari ilikataa kutoka.

"Mutoto wa mama yako, Sylvestre!" alipaza sauti mchimbaji mwingine.

"Mukishuka, nitazika watu sita," alijibu bila kushusha mikono.

Vidole vilijikunja taratibu, vikafumbata udongo, wala havikukunjuka tena.

Mbao zilipofika, ukuta wa pili ulikuwa ungali umesimama.