Dole la Sajini

Sajini Mkwizu alifika shambani kwa Bi Sikudhani asubuhi, bila panga wala pingu. Mkononi alishika fomu na kibati cha wino. Mara tatu huko nyuma alikuja kufyeka bangi yake na kuichoma moto, na mara ya mwisho aliondoka na mumewe, ambaye alifungwa miaka minne.

“Shikamoo, mama,” alisema leo kwa sauti laini. “Sheria imebadilika. Anayelima bangi ya dawa anaandikishwa, hakamatwi. Nionyeshe mimea yako, kisha utie dole gumba hapa.”

“Marahaba. Mimi nalima mihogo, mwanangu.”

“Mama, naiona kutoka hapa.”

Kweli ilionekana, imestawi nyuma ya mihogo. Bi Sikudhani hakugeuka. Aliitazama fomu kama mtu anayetazama kichaka kilichotikisika bila upepo. Kusoma hakujua, na karatasi ya polisi aliyoifahamu ni ile iliyomfunga mumewe.

“Hiyo karatasi ina wema tu?”

“Wema mtupu, mama.”

“Basi tangulia wewe. Tia dole lako hapo kwamba hutanikamata, nami nitafuata.”

Sajini alicheka, kisha akaacha kucheka. Aligeuka akatazama barabarani, ambako wenzake wawili walikuwa wakimsubiri garini. Akalibonyeza dole kwenye wino. Likabaki hewani juu ya karatasi, jeusi, linang’aa, na Bi Sikudhani akalikodolea macho bila kupepesa.