Maji ya Maziwa ya Mtoto

Fundi alilikwaruza bomba kuukuu kwa ufunguo, nalo likang'aa kama sarafu mpya.

"Risasi tupu, mama, ile metali yenye sumu inayodumaza akili za watoto," akasema kutoka shimo alilochimba mbele ya nyumba. "Ndiyo maana Washington wamemwaga hela za kufufua uchumi, tuyang'oe mabomba haya mtaa mzima."

Darlene alijifuta mikono kwenye aproni. "Mimi sikuwa mzembe lakini. Binti yangu alipokuwa mchanga, maji ya kukorogea maziwa yake ya unga nilikuwa nayachemsha mpaka yanabaki nusu."

Fundi aliacha kukwaruza. Akaugeuza ufunguo kiganjani, akaugeuza tena, kama mtu asiyejua pa kuuweka.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama," akasema taratibu. "Risasi haifi. Maji yakipungua, yenyewe inabaki mle mle."

Darlene akageuka. Kibarazani palikuwa na viatu vya binti yake, vya kubandika, visivyo na kamba, kwa kuwa hata sasa, na miaka yake kumi na mitatu, kufunga kamba kulimshinda.

Jikoni, birika ambalo Darlene alilitenga motoni kwa kahawa ya mafundi likaanza kupiga mluzi.

"Mama," binti akaita, kwa fahari ya mtu aliyefundishwa akashika. "Yamechemka. Sasa ni salama."